Vidonge vya kunasa chuma havijafuta kanuni ya homa na tumbo

Wagonjwa wengi wa thalasemia na selimundu, magonjwa ya damu ya kurithi, wanaoongezewa damu mara kwa mara wameachana na pampu ya usiku inayoingiza dawa kwa sindano chini ya ngozi na kuhamia kwenye vidonge vya kunasa chuma. Ni hatua njema, na hakuna aliyewahi kulala na sindano tumboni usiku tano hadi saba kwa wiki atakayeilaumu. Tatizo ni kwamba pamoja na sindano kimetupwa kitu ambacho hakikupaswa kutupwa: ile kanuni kwamba mgonjwa aliye kwenye dawa ya kunasa chuma akipatwa na homa na maumivu ya tumbo, dawa inasimama saa ileile na yeye anakwenda hospitali. Hoja inayosikika, hata kwa wahudumu wa afya, ni kwamba kanuni ile iliwekwa kwa ajili ya deferoksamini, dawa ya sindano, na kwa kuwa deferoksamini imeondoka, kanuni nayo imekwisha kazi. Hoja hiyo imeshika nusu ya ukweli. Kanuni inabaki kwa dawa zote tatu zinazotumika leo, yaani deferoksamini ya sindano na vidonge vya deferiproni na deferasiroksi, ila kila dawa ina sababu yake. Na wale wanaokosea kwa upande wa pili, wanaoisimamisha dawa kwa hofu ya maambukizi kisha wasiirudishe, wanamtia mgonjwa kwenye hatari kubwa kuliko ile waliyoikimbia.

Tuanze na hesabu ya chuma chenyewe. Chupa moja ya damu hubeba miligramu 200 hadi 250 za chuma. Mwili hauna njia ya kukitoa kinapozidi. Kinachopotea kwa kuchubuka kwa ngozi na utando wa utumbo ni miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Mgonjwa wa kilo 50 anayepewa chupa mbili kila baada ya wiki tatu au nne huingiza, kwa wastani, kati ya miligramu 14 na 24 kila siku iendayo kwa Mungu. Chuma hicho hubebwa kwanza na transferini, protini inayokisafirisha ndani ya damu. Transferini ikijaa, kinachobaki huzunguka bila mbebaji na kujipenyeza kwenye ini, kongosho, tezi na moyo. Lakini transferini ambayo haijajaa ina kazi nyingine ambayo husahaulika: inakificha chuma mbali na vimelea. Karibu bakteria wote wanahitaji chuma ili wazaliane, na mwili wenye afya unawanyima. Mtu mwenye chuma kilichozidi amepoteza sehemu ya kinga hiyo kabla hajameza wala kudungwa dawa yoyote. Ndiyo maana watu wenye hemokromatosi ya kurithi, ugonjwa wa mwili kufyonza chuma kupita kiasi, ambao kwa kawaida hutibiwa kwa kutolewa damu, wanajulikana kwa kuugua vibaya wanapopatwa na bakteria Yersinia enterocolitica au Vibrio vulnificus. Hoja ya kwamba kuondoka kwa deferoksamini kumeondoa hatari inaanza kupwaya hapo.

Yersinia enterocolitica ndiye mhusika mkuu wa habari hii. Huingia kwa mdomo, zaidi kupitia nyama ya nguruwe isiyoiva vizuri, maziwa ambayo hayakuchemshwa na maji machafu, na kwa watoto wachanga hata kupitia mikono ya mlezi aliyetoka kuosha matumbo ya nguruwe. Jokofu halimzuii: hukua hata kwenye nyuzi 4, joto ambalo watu huliamini kwa kuhifadhi chakula. Dalili huanza mara nyingi siku nne hadi saba baadaye. Bakteria hupenya ukuta wa mwisho wa utumbo mwembamba, pale unapokaribia kuungana na utumbo mpana, kisha hujaza tezi za limfu za jirani. Kwa mtu mwenye afya, mambo huishia kwenye kuhara, homa na maumivu, na mara nyingi hupona bila dawa. Kwa mwenye chuma kilichozidi, bakteria huyohuyo anaweza kuvuka hadi kwenye damu, akapanda majipu kwenye ini au wengu, au akatoboa utumbo. Maumivu yake hukaa upande wa kulia chini ya kitovu, mahali hasa pa kidole tumbo, na jambo hilo limewapeleka wagonjwa wengi kwenye meza ya upasuaji na kidole tumbo kisicho na kasoro kikakatwa.

Deferoksamini inaingiaje hapa? Haikubuniwa kwenye maabara tangu mwanzo. Ilipatikana kwa bakteria wa udongo, Streptomyces pilosus, ikaanza kutumiwa kwa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bakteria huyo wa udongo hutengeneza molekuli inayokamata chuma kwa ajili yake mwenyewe. Molekuli za aina hiyo huitwa siderofori. Sisi tumeiazima ili itoe chuma mwilini kupitia mkojo na choo, na huo mkojo mwekundu wa asubuhi ndio ushahidi wake. Sasa, aina za Yersinia enterocolitica zinazoonekana kwa wingi, zile za kundi O:3 na O:9, hazina uwezo wa kutengeneza siderofori yao ya nguvu, tofauti na O:8. Zikiachwa peke yake kwenye damu ya mtu mzima wa afya, zina njaa. Lakini kwenye utando wao wa nje zina kipokezi kiitwacho FoxA, na kipokezi hicho kinaipokea deferoksamini iliyokwisha kunasa chuma. Hawategi, ila wanajua kuopoa kwenye mtego wa jirani. Majaribio ya panya yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba ukimpa mnyama deferoksamini, idadi ya bakteria inayotosha kumuua inashuka sana. Kuvu wa jamii ya Rhizopus nao wana uwezo kama huo, na hilo liligunduliwa kwa gharama kubwa: wagonjwa wa figo waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine na kupewa deferoksamini ili kuondoa alumini au chuma walianza kupatwa na mukomaikosisi, ugonjwa wa kuvu unaoua haraka. Kwao deferoksamini iliyobeba chuma haikuwa na njia ya kutokea, maana figo ndizo zinazoitoa, ikabaki mwilini kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Wanaosema vidonge vimebadilisha mambo wana ushahidi mzuri, na ni haki kuuweka mezani. Molekuli moja ya deferoksamini huzunguka chembe moja ya chuma peke yake na kutengeneza umbo lilelile ambalo FoxA inalitambua. Deferiproni inahitaji molekuli tatu kwa chembe moja, deferasiroksi mbili. Maumbo yanayotoka hapo hayafanani na siderofori ya yule bakteria wa udongo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulizilinganisha deferoksamini na deferiproni mbele ya Yersinia enterocolitica, na deferiproni haikumpa bakteria msaada ule. Rhizopus naye hafaidiki na vidonge hivyo kama anavyofaidika na deferoksamini. Kwa hiyo mgonjwa ambaye ameshawahi kuugua Yersinia akiwa kwenye pampu ana sababu ya kweli ya kumwomba daktari wake wazungumze kuhusu kuhamia kwenye vidonge. Mpaka hapo sina ubishi.

Ubishi unaanza pale hitimisho linapovuka ushahidi. Kwamba kidonge hakimlishi bakteria haina maana kwamba mgonjwa wa homa na tumbo anaweza kuendelea kukimeza. Chukua deferiproni. Humezwa mara tatu kwa siku, jumla ya miligramu 75 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito. Kwa kiasi cha mtu mmoja au wawili katika kila mia wanaoitumia, neutrofili, zile seli nyeupe za mstari wa mbele, hushuka chini ya 500 kwa kila maikrolita moja ya damu. Mtu aliyefika hapo hana jeshi. Homa kwake inaweza kuwa dalili ya kwanza na ya pekee, na ukuta wa mwanzo wa utumbo mpana unaweza kuvamiwa na bakteria wa kawaida wanaoishi humo siku zote. Maumivu yake yanatokea wapi? Upande uleule wa kulia chini. Daktari wa zamu anayeona homa na tumbo la kulia kwa mgonjwa wa deferiproni ana mambo matatu ya kuchagua kati yake, si moja: kidole tumbo, Yersinia, au utumbo wa mtu asiye na neutrofili. Picha kamili ya damu yenye hesabu ya kila aina ya seli nyeupe inamaliza sehemu kubwa ya fumbo hilo ndani ya saa moja, lakini ni lazima mtu akumbuke kuiagiza, na ni lazima dawa iwe imesimama tayari. Kanuni ya deferiproni ni kali kuliko ya deferoksamini: homa yoyote, hata bila tumbo, dawa inasimama mpaka hesabu ionekane. Neutrofili zikiwa chini ya 1,500 haianzishwi tena mpaka hali ieleweke, na aliyewahi kushuka chini ya 500 kwa kawaida harudishwi tena kwenye dawa hiyo.

Deferasiroksi ina mtego wa aina nyingine. Humezwa mara moja kwa siku na hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikichukua saa 8 hadi 16 kuondoka. Yenyewe huweza kuleta kichefuchefu, kuhara na maumivu ya tumbo katika wiki za kwanza, kwa hiyo mgonjwa hujifunza kuvumilia tumbo, na siku maambukizi ya kweli yanapofika anayavumilia kama alivyoambiwa. Inaweza pia kusababisha vidonda na kuvuja damu tumboni, hasa kwa wazee na wenye chembe sahani (zile za kugandisha damu) chache, na inabeba onyo la kudhuru figo na ini. Mtoto anayetapika na kuhara akiendelea kuimeza huku amepungukiwa maji anaziweka figo zake kwenye hatari ambayo haihusiani kabisa na bakteria gani yupo tumboni. Maelekezo ya dawa hiyo yanasema wazi kwamba kwa mtoto mwenye ugonjwa wa ghafla unaompunguzia maji, isimamishwe kwanza. Hatua ni ileile ya zama za pampu, sababu ndiyo imebadilika.

Ipo hoja nyingine inayovutia kwa sikio na ambayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Inasema: ikiwa bakteria wanahitaji chuma, na dawa inakinasa chuma, basi wakati wa maambukizi ndio hasa wa kuendelea na dawa, hata kuongeza dozi, ili vimelea vife njaa. Kwa deferoksamini tumekwisha kuona kwa nini hilo ni kinyume. Kwa deferasiroksi wazo hilo lilijaribiwa kwa watu: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, wagonjwa 20 wa mukomaikosisi walipewa dawa ya kuvu ya amfoterisini, wengine wakaongezewa deferasiroksi na wengine kidonge kisicho na dawa. Kufikia siku ya 90, waliofariki katika kundi la deferasiroksi walikuwa asilimia 82, wengine asilimia 22. Utafiti ulikuwa mdogo, na kundi lililopata deferasiroksi lilikuwa na wagonjwa wengi zaidi wenye saratani na upungufu wa neutrofili, kwa hiyo sitasema kidonge ndicho kilichowaua. Ninachosema ni kwamba wazo lililokuwa zuri kwenye karatasi na kwenye panya halikuzaa matunda kwa binadamu, na hakuna msingi wa mtu kulifanyia majaribio nyumbani kwa mtoto mwenye nyuzi 39.

Tugeukie sasa kosa la upande wa pili, ambalo kwa maoni yangu linaua wengi zaidi ingawa kimyakimya. Mgonjwa analazwa kwa homa, dawa inasimamishwa kama inavyotakiwa, anapona, anaruhusiwa. Kwenye fomu ya kuruhusiwa imeandikwa “dawa ya chuma imesimamishwa” bila tarehe ya kurudia. Familia inaelewa kwamba dawa ilisababisha ugonjwa. Miezi inapita. Weka hesabu: mgonjwa wetu wa kilo 50 akikaa wiki mbili bila dawa anajiongezea miligramu 200 hadi 330, yaani chuma cha chupa moja hadi moja na nusu ya damu. Ikiwa ini lake lina miligramu 7 za chuma kwa kila gramu ya ini kavu, kiwango ambacho juu yake matatizo huongezeka, mwili wake wote una takribani gramu 3.7. Wiki mbili basi zimeongeza kitu cha asilimia 5 hadi 9, na dozi nzuri italirudisha deni hilo. Akikaa miezi sita, ameongeza gramu 2.6 hadi 4.3, amekaribia kuongeza mara mbili mzigo aliokuwa nao. Moyo ndio unaolipa. Kabla ya dawa hizi, watoto wenye thalasemia kali waliokuwa wakiongezewa damu walikufa katika ujana wao kwa moyo kushindwa au kupiga ovyo, na walioishi wakazeeka waliishi kwa sababu chuma kilitolewa mwaka baada ya mwaka. Yersinia ni hatari ya nadra inayotibika ikiwahiwa. Chuma kwenye moyo si cha nadra, na hakisubiri.

Ugumu wa kweli uko kwa mgonjwa mmoja tu, na hapo kanuni rahisi haitoshi. Ni yule ambaye moyo wake umekwisha kujaa chuma, kipimo cha sumaku (MRI) cha T2*, ambacho hushuka kadiri chuma kinavyozidi moyoni, kiko chini ya milisekunde 10, na amewekewa deferoksamini kwa mshipa saa 24 kwa siku ili moyo uokolewe. Akipata homa, kusimamisha dawa ni hatari na kuendelea nayo ni hatari. Deferiproni inaondoa chuma moyoni vizuri lakini haianzishwi mtu akiwa na homa isiyoeleweka. Deferasiroksi haimfai mtu ambaye shinikizo lake la damu linashuka na figo zinasuasua. Kwa mgonjwa huyu uamuzi ni wa saa kwa saa, kati ya daktari wa damu na daktari wa moyo. Desturi ya busara ni kusimamisha mpaka sampuli zichukuliwe na viuavijasumu sahihi viingie, kisha kurudisha mapema kuliko kwa wengine mara tu homa inapotii. Asiwe yeye kigezo cha kuwaambia wengine wote waendelee na dawa.

Kwa wengine, utaratibu una mpangilio ambao ukikosewa hatua moja unaharibika wote. Sindano inatolewa au kidonge kinaachwa nyumbani, na saa ya dozi ya mwisho inaandikwa. Deferoksamini yenyewe hupungua haraka sana kwenye damu, nusu yake ikiondoka ndani ya dakika 20 hadi 30, lakini ile iliyokwisha kubeba chuma hukawia zaidi, na hiyo ndiyo chakula cha bakteria. Hospitalini damu ya kuotesha inachukuliwa kabla ya kiuavijasumu cha kwanza, pamoja na picha kamili ya damu, kipimo cha figo, vimeng’enya vya ini na vya kongosho, sukari, na kipimo cha malaria pale inapopatikana. Sukari isipuuzwe: kongosho lililojaa chuma huleta kisukari, na kisukari kilichopanda sana chenyewe huumiza tumbo. Kisha matibabu yanaanza bila kungoja majibu. Hapa ndipo kosa la kawaida linapotokea, nalo ni amoksilini. Yersinia enterocolitica hutengeneza vimeng’enya vinavyoivunja ampisilini na ndugu zake pamoja na sefalosporini za kizazi cha kwanza. Mgonjwa anarudi nyumbani na amoksilini na parasetamoli, homa inafunikwa siku moja, na usiku pampu inawashwa tena kwa sababu hakuna aliyemwambia aizime. Kinachofanya kazi ni siprofloksasini, kwa mtu mzima miligramu 400 kwa mshipa kila baada ya saa 12 akiwa mgonjwa sana, au seftriaksoni, mara nyingi pamoja na jentamisini ikiwa figo zinaruhusu. Bakteria akiwa ameingia kwenye damu, tiba huenda wiki mbili hadi tatu. Aliyeondolewa wengu, na mgonjwa wa selimundu ambaye wengu wake umekufa wenyewe, anahitaji pia kukingwa dhidi ya nimonia ya pneumokokasi na dhidi ya Salmonella, na seftriaksoni inasaidia hapo.

Maabara nayo ina sehemu yake ambayo wengi hawaijui. Yersinia haonekani kirahisi kwenye choo kinachooteshwa kwa njia ya kawaida ya nyuzi 37: anakua polepole, koloni zake, vile vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye sahani, ni ndogo na zinafunikwa na za majirani. Kuna sahani maalumu iitwayo CIN, huwekwa kwenye nyuzi 25 hadi 30, na baada ya siku moja au mbili koloni zake hujitokeza na kitovu chekundu kilichozungukwa na duara angavu. Fundi hawezi kuchukua sahani hiyo kwa kubahatisha. Anahitaji fomu iliyoandikwa “tafuta Yersinia, mgonjwa ana chuma kilichozidi”. Fomu iliyoandikwa “kuhara” tu italeta jibu la kwamba hakuna kilichoota, na jibu hilo litasomwa kimakosa kwamba Yersinia hayupo. Damu ya kuotesha ina nafasi nzuri zaidi, ndiyo maana haikubaliki kuikosa.

Daktari wa upasuaji naye ana swali lake, na si la kupuuzwa: kidole tumbo cha kweli hutokea pia kwa watu hawa, na kusubiri sana kunaweza kukipasua. Altrasaundi iliyofanywa na mtu mwenye uzoefu ndiyo inayosaidia kuamua. Ukuta mnene mwishoni mwa utumbo mwembamba, tezi zilizovimba, na kidole tumbo chembamba kinachobonyea: hiyo ni picha ya Yersinia, na mgonjwa hutibiwa kwa dawa huku akiangaliwa kwa karibu. Kidole tumbo kilichovimba kisichobonyea, au maji na hewa mahali pasipostahili, ni kazi ya kisu hata kama Yersinia yupo. Hapo pia wengine husahau kwamba watu wanaovunja seli nyingi za damu hupata mawe kwenye mfuko wa nyongo mapema maishani, na maumivu ya kulia juu yenye homa na macho ya manjano yana njia yake ya matibabu.

Mambo mawili madogo huchanganywa na haya. La kwanza ni ngozi ya tumbo yenyewe kwa wanaoendelea na pampu. Chupa ya deferoksamini ya miligramu 500 huyeyushwa kwa mililita 5 za maji safi ya sindano. Mtu wa kilo 50 kwenye dozi ya miligramu 40 kwa kilo anahitaji chupa nne na mililita 20, zikiingia kwa saa 8 hadi 12. Anayepunguza maji ili pampu iishe mapema hupata uvimbe mgumu unaowasha. Uvimbe wa aina hiyo hulainika ndani ya siku moja au mbili; unaozidi kukua, kuwa wa moto na kutoa usaha ni jipu la ngozi, na halina uhusiano na Yersinia. La pili ni vitamini C, ambayo hupewa wengi kwa dozi ndogo ili chuma kitoke ghalani kikutane na deferoksamini. Deferoksamini ikisimama, vitamini C isimame nayo, la sivyo chuma kinatolewa ghalani bila wa kukipokea. Katika maelekezo ya kusimamisha dawa, kipengele hiki husahaulika.

Yote haya yana maana kubwa zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu kundi la wanaotumia dawa hizi limebadilika. Tangu utafiti wa mwaka 1998 ulipoonyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wa selimundu walio hatarini kupata kiharusi hupunguza kiharusi hicho kwa zaidi ya asilimia 90, watoto ambao hapo awali hawakuhitaji dawa ya kunasa chuma wameanza kuihitaji, na wengi wao hawakupita kamwe kwenye zama za pampu. Wazazi wao hawakufundishwa kanuni ya homa na tumbo kwa sababu waliyemkuta kliniki alidhani ni ya sindano. Siku ya kuanza au kubadilisha dawa ndiyo siku ya kuifundisha upya, kwa jina la dawa na kwa sababu ya dawa hiyo. Kadi ya mgonjwa ibebe jina la dawa, dozi, namba ya simu ya kliniki, na maneno machache kwa daktari wa zamu asiyemjua: simamisha dawa, hesabu neutrofili, otesha damu, mfikirie Yersinia, amoksilini haitoshi. Na fomu ya kuruhusiwa iwe na mstari mmoja zaidi, wa tarehe ya kurudi kliniki ndani ya wiki moja ili dawa ianzishwe tena, na jina la muuguzi atakayepiga simu siku ya pili yake ikiwa mgonjwa hakutokea.